Mwongozo kamili: kupima kisiwa cha joto Mbeya na Iringa bila mwinuko kukuharibia majibu

Kila msimu wa tafiti za vyuo ukifika naletewa rasimu zenye tatizo lile lile. Mwanafunzi kafunga themomita moja Mwanjelwa, nyingine Uyole, kakuta Mwanjelwa kuna joto zaidi, basi kaandika kwamba Mbeya ina kisiwa cha joto kwa sababu ya lami na uhaba wa miti. Mwingine kachukua data za uwanja wa ndege wa Songwe kama ndo "nje ya mji", kakuta kule kuna joto kuliko mjini, kaandika kwamba Mbeya haina kisiwa cha joto kabisa. Wote wamefanya kazi kubwa, wametumia hela zao, na wote hawajapima kitu walichosema wamepima. Uyole iko juu kuliko Mwanjelwa, Songwe iko chini ya mji kwa zaidi ya mita 300, na huku kwetu ukipanda joto linashuka hata kama hakuna jengo wala mti.

Iringa ni hivyo hivyo. Ukilinganisha Miyomboni na Ipogolo unalinganisha mlima na bonde, na uwanja wa Nduli nao uko chini kuliko mji.

Kwahiyo kabla hujanunua chochote shika hili: kisiwa cha joto ni tofauti ya joto kati ya sehemu iliyojengwa na sehemu isiyojengwa, wakati mwinuko, saa na hali ya hewa ni vile vile. Hatua zote zinazofuata ni za kuhakikisha hayo maneno ya mwisho yanatimia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Data loga za joto (vifaa vidogo vinavyopima na kujirekodia joto vyenyewe) zisizopungua sita, zenye usahihi wa nyuzi 0.5 au bora zaidi. Zikiwa na unyevu pia ni nzuri. Zile ndogo kama kifungo cha shati zinafaa, za boksi dogo zinafaa, cha muhimu zote ziwe aina moja.
- Sahani nyeupe za plastiki zile za kuwekea chini ya vyungu vya maua, saba kwa kila loga, pamoja na fito ndefu za chuma zenye nyuzi za nati, nati na washa.
- Laptopu yenye Excel au LibreOffice, na QGIS, programu ya kutengeneza ramani ambayo ni ya bure.
- Akaunti ya Google Earth Engine, ya kuchakata picha za setelaiti mtandaoni, bure kwa wanafunzi na watafiti.
- Simu yenye GPS na kamera.
- Daftari la karatasi. Usiniambie utaandika kwenye simu, simu inaisha chaji Isanga saa nne usiku na hapo ndo unahitaji kuandika.
- Barua ya utambulisho ya chuo, iliyopita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi, hadi kwa mtendaji wa kata na wa mtaa. Anza nayo mapema kabisa, hii ndo inachelewesha watu kuliko kitu kingine chochote.

Kama huna hela ya loga sita usikate tamaa, nenda moja kwa moja kwenye hatua ya setelaiti, lakini swali lako litabadilika na nitaeleza kwanini.

## Hatua ya 1: Amua unapima joto gani

Kuna joto la hewa na kuna joto la uso, yaani joto la bati, lami, udongo na majani yenyewe. Hivi ni vitu viwili tofauti na haviendi sawa.

Joto la uso linaonekana na setelaiti, na tofauti yake huwa kubwa mchana jua likiwaka. Joto la hewa linapimwa na themomita iliyo kivulini, na kisiwa chake huwa kikubwa usiku, masaa machache baada ya jua kuzama, hasa usiku wa anga safi usio na upepo. Sababu ni kwamba zege, tofali na lami vimekunywa joto mchana kutwa, usiku vinalitoa taratibu, na kuta zilizobanana zinazuia lisipotee angani haraka, wakati shamba la nje linapoa upesi.

Onyo: usichukue ramani ya setelaiti ya saa nne na nusu asubuhi ukaandika "wakazi wa Mwanjelwa wanaishi kwenye hewa yenye nyuzi 38". Hilo ni joto la paa.

Umefanikiwa kama unaweza kuandika sentensi moja: napima joto la hewa usiku, au napima joto la uso asubuhi wakati wa kiangazi. Ukishindwa kuandika hiyo sentensi usiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Jua tafiti zimefika wapi ndo uchague swali

Hapa wengi wanajaza kurasa kumi za historia. Achana nazo. Unachohitaji ni kujua mwelekeo, ili swali lako lisiwe lilishajibiwa au lisiwe la kizamani.

Zamani mtafiti alikuwa anapima kituo kimoja mjini na kimoja nje, anatoa, anaandika. Mwaka 2011 Iain Stewart alipitia tafiti 190 za kati ya 1950 na 2007 akakuta karibu nusu ya ukubwa wa visiwa vya joto ulioripotiwa hauwezi kutetewa kisayansi, watu hawaelezi vituo vilikuwa wapi, hawadhibiti hali ya hewa, hawadhibiti mwinuko. Soma hiyo makala kabla ya zote, maana makosa yaliyomo ndo haya haya tunayoyafanya huku. Mwaka 2012 yeye na Tim Oke wakatoa mfumo wa kugawa maeneo kwa jinsi yalivyo badala ya kusema tu "mjini" na "kijijini", unaitwa Local Climate Zones, una makundi 17, kumi ya maeneo yaliyojengwa na saba ya ardhi ya asili na mashamba. Siku hizi msomaji wa nje akikuta hujautumia anauliza.

Upande wa setelaiti, kumbukumbu za picha za setelaiti za Landsat zilipofanywa bure mwaka 2008 tafiti ziliongezeka sana, China ikiongoza kwa wingi wa makala. Peng na wenzake mwaka 2012 waliangalia miji mikubwa 419 duniani wakapata kisiwa cha joto la uso cha wastani wa nyuzi 1.5 mchana na 1.1 usiku. Mwaka 2019 Manoli na wenzake wakaangalia miji kama 30,000 wakaonyesha kwamba mvua ya eneo na idadi ya watu vinaeleza sehemu kubwa ya tofauti kati ya mji na mji. Sasa hivi upepo umegeukia afya, joto la usiku ndani ya nyumba, mitaa ya kipato cha chini (Nairobi walipima Kibera, Mathare na Mukuru, makala ilitoka 2017), na miji ya kati ya Afrika ambayo bado haijapimwa vya kutosha.

Hapo ndo nafasi yetu ilipo. Mbeya kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya laki tano, inajengwa haraka, iko kwenye mteremko na mwinuko mkubwa. Swali zuri la huku ni la namna hii: mtaa uliobanana kama Mwanjelwa na mtaa wenye miti kama Forest vinatofautiana kiasi gani usiku wa kiangazi, ukishatoa athari ya mwinuko?

Kama kazi yako yenyewe ni kuonyesha mwelekeo wa tafiti na siyo kupima, tumia OpenAlex, orodha ya mtandaoni ya makala za kisayansi ambayo ni ya bure, tafuta kwa Kiingereza maneno urban heat island ndani ya alama za kunukuu (bila hizo alama utaletewa visiwa vya baharini), shusha orodha, ondoa zinazojirudia, halafu ingiza kwenye VOSviewer, programu ya kuchora ramani ya maneno ya makala, uone maneno gani yanaongozana na kwa miaka ipi. Soma mwenyewe angalau mihtasari 50, programu haijui kutofautisha joto la hewa na la uso. Angalia pia makala zimepimia wapi, siyo mwandishi anatoka wapi, hivyo ni vitu viwili na ukivichanganya utasema Afrika imetafitiwa vizuri wakati sivyo.

## Hatua ya 3: Chagua vituo

Hii ndo hatua inayoamua kila kitu, ipe muda kuliko zote.

Fungua Google Earth, weka alama kila sehemu unayofikiria, soma mwinuko wake pale. Usitumie mwinuko wa GPS ya simu, unaweza kukosea kwa makumi ya mita, na makumi ya mita kwetu ni sehemu ya jibu. Simu itumie kwa koodineti tu.

Sasa tafuta jozi: sehemu ya mjini na sehemu ya shamba ambazo mwinuko wake haupishani zaidi ya mita 50. Kwa kipimo cha kawaida cha nyuzi 6.5 kwa kila kilomita, mita 50 ni kama nyuzi 0.3, hiyo inavumilika. Mita 355 za kutoka mjini kwenye mita 1,700 hadi Songwe kwenye mita 1,345 hivi ni nyuzi 2.3, na nyuzi 2.3 inaweza kuwa kubwa kuliko kisiwa chote unachokitafuta.

Halafu ongeza vituo vya shamba vitatu kwenye miinuko tofauti, kimoja chini ya mji, kimoja usawa wa mji, kimoja juu. Watu wanaviona hivi ni vya ziada, wanaviacha, halafu hatua ya 8 inawashinda. Hivi ndo vitakupa kiwango halisi cha joto kupungua kwa mwinuko kwa eneo lako na kwa msimu wako, badala ya kukopa namba ya kitabuni.

Mambo ya kuangalia kwenye kila kituo:

Eneo la duara la mita 200 hadi 500 kuzunguka kituo liwe la aina moja. Ukifunga loga kwenye kona ambayo upande mmoja ni soko na mwingine ni bustani ya kanisa hujui umepima nini. Mwanjelwa na Kabwe utapata majengo mafupi yaliyobanana, Forest na Gangilonga ya Iringa ni majengo mafupi yaliyoachana yenye miti, Iyunga kuna maghala na mabati makubwa, na nje ya mji mashamba ya mahindi na viazi.

Kwepa mabonde na mifereji kwa vituo vya nje. Usiku hewa baridi ni nzito, inateremka kutoka Loleza na milima mingine inajikusanya mabondeni, ndo maana mkulima anajua kabisa viazi vya bondeni vinaungua na baridi wakati vya mteremkoni vimepona. Ukiweka kituo cha kijijini bondeni utapata kisiwa cha joto kikubwa cha kufurahisha, na kitakuwa cha uongo. Waulize wenyeji baridi inakaa wapi, wanajua kuliko ramani.

Kwepa vyanzo vya karibu: jiko la mkaa la mama ntilie, feni ya nyuma ya friji la dukani, ukuta unaopigwa na jua la jioni, jenereta, tanuru la tofali.

Umefanikiwa kama una jedwali lenye jina la kituo, koodineti, mwinuko, aina ya eneo, picha nne za pande zote, na jina la mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji aliyekubali.

## Hatua ya 4: Linganisha loga zenyewe kabla hazijaachana

Loga mbili mpya za duka moja zinaweza kupishana nusu nyuzi. Ukizipeleka hivyo hivyo, nusu nyuzi hiyo utaiita athari ya mji.

Ziweke zote pamoja ndani ya boksi la kubebea soda baridi, fungua kidogo hewa ipite, ziache chumbani masaa 48 zikirekodi kila dakika 10. Chukua wastani wa zote, toa kila moja uone imepishana kiasi gani, hiyo ndo namba ya kurekebishia loga hiyo. Bandika namba kwenye loga na kwenye daftari.

Kama loga yako haiingii maji, ipime pia kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo, hapo isome karibu na 0. Maji yanayochemka usitumie, kwa mwinuko wa Mbeya maji yanachemka kwenye kama nyuzi 94 tu, na loga nyingi zinakufa hapo.

Ukimaliza kazi ya uwandani irudie kwenye boksi lile lile. Loga iliyohama zaidi ya nyuzi 0.5 tangu mwanzo, data zake ziache.

Kuhusu saa. Loga nyingi zinatunza saa ya Greenwich au saa ya laptopu iliyoziwasha. Tanzania tuko mbele masaa matatu. Ongeza na kwamba daftarini umeandika "saa 2 usiku" na loga inasema 20:00 au 17:00, ukija kuunganisha baada ya miezi miwili unachanganya kabisa. Amua kuanzia siku ya kwanza: daftari lote liandikwe kwa masaa 24, saa za Tanzania, na juu ya kila ukurasa andika hivyo.

## Hatua ya 5: Tengeneza kinga na ufunge

Loga ikipigwa na jua haipimi hewa tena, inapima yenyewe ilivyochomeka.

Chukua sahani saba. Ya juu iache nzima, zinazofuata zikate tundu katikati loga iweze kukaa ndani bila kugusa ukingo, ya chini nayo iache nzima ila itoboe vitundu vya maji kutoka. Zipange zikiwa zimegeuzwa kifudifudi, acha nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya sahani na sahani kwa kutumia nati, pitisha fito tatu, kaza. Loga ining'inie katikati. Kama plastiki siyo nyeupe sana paka rangi nyeupe ya mafuta, kwa nje.

Jaribu kinga yako kwa kupeleka moja kwenye kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, omba uiache siku chache karibu na lile boksi lao jeupe la mbao. Usiku tofauti iwe ndogo. Mchana wa jua kali bila upepo hata kinga nzuri ya sahani inaweza kuzidisha nyuzi moja au mbili, kwahiyo data za usiku ziamini zaidi, na za mchana zitumie kwa tahadhari na uandike hivyo kwenye ripoti.

Urefu wa kufunga kwa kawaida ni kati ya mita 1.25 na 2 kutoka chini. Mjini huo ni urefu wa kuibiwa. Inakubalika kupandisha hadi mita 3 au zaidi kidogo kwa sababu hewa ya mtaani kati ya majengo inachanganyika vizuri, ila ukipandisha mjini pandisha na shambani, zote ziwe urefu mmoja. Funga kwenye nguzo ya mbao au ya chuma chembamba, siyo kwenye ukuta, siyo chini ya bati la baraza.

Bandika karatasi iliyolaminetiwa yenye maneno ya wazi: hiki ni kipimo cha hali ya hewa, hakina kamera, hakina hela, namba ya simu hii hapa. Haya maneno mawili ya "hakina kamera" yanatuliza watu wengi. Na kaa na mwenye nyumba umweleze unapima nini, siyo umkabidhi tu barua, maana yeye ndo atawakataza watoto wasirushe mawe na ndo atakupigia nguzo ikianguka.

## Hatua ya 6: Kusanya data msimu unaojibu swali

Weka loga zirekodi kila dakika 15 au 30. Pita kila wiki mbili, shusha data hapo hapo, angalia betri, futa buibui na vumbi. Nyigu wanapenda sana kujenga kwenye zile sahani, pita na kijiti kirefu.

Nyanda za juu mvua zinaanza Novemba zinakwenda hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni anga linafunguka, Juni na Julai ni baridi kali, Oktoba na Novemba mwanzoni ndo joto la mwaka. Kisiwa cha usiku utakiona vizuri zaidi Juni hadi Agosti kwa sababu ya usiku mkavu wa anga safi. Lakini joto linaloumiza watu ni la Oktoba, kwenye vyumba vya bati lisilo na dari. Ukiweza pima misimu yote miwili, ukishindwa chagua kimoja na useme kwanini.

Kila jioni mtu mmoja aandike kama anga lina mawingu na kama majani ya miti yanatikisika. Hii inaonekana kazi ya kitoto lakini bila hiyo hutaweza kutenganisha usiku tulivu na usiku wa upepo, na upepo unafuta kisiwa cha joto karibu chote.

Umefanikiwa kama una usiku tulivu wa anga safi usiopungua 20 ambao vituo vyote vilirekodi bila pengo.

## Hatua ya 7: Ongeza setelaiti

Landsat 8 na Landsat 9 kila moja inarudi kila baada ya siku 16, kwa pamoja ni siku 8. Kwetu zinapita kama saa nne na nusu hadi tano asubuhi. Tumia data za Collection 2 Level 2 ambazo zimeshasafishwa, bendi ya joto (tabaka la picha lenye joto la uso) inaitwa ST_B10.

Namba unazopata siyo nyuzi. Zidisha kwa 0.00341802, jumlisha 149, toa 273.15. Kwa mfano pikseli (kipande kimoja kidogo cha picha) yenye 45,000 inakuwa kama nyuzi 29.7. Ukiona ramani yako ina nyuzi 45,000 au nyuzi 302 umesahau kipande cha fomula.

Ondoa mawingu kwa kutumia bendi ya QA_PIXEL, inayoonyesha pikseli zipi zina wingu, kabla ya kutafuta wastani, wingu moja dogo linashusha pikseli zake kabisa. Agosti hadi Oktoba angalia na moshi wa kuchoma mashamba, siku za moshi mzito zitupe.

Sasa kuna mitego mitatu ya huku kwetu ambayo mafunzo ya mtandaoni hayakuambii.

Wa kwanza ni mteremko. Asubuhi jua linapiga miteremko inayoangalia mashariki, na Juni jua liko kaskazini kwahiyo miteremko inayoangalia kusini, kama ile ya Loleza inayoshukia mjini, inapata jua kidogo. Ukilinganisha mteremko na mteremko unapima jua, siyo mji. Shusha data ya mwinuko ya mita 30, tengeneza ramani ya mteremko ndani ya QGIS, baki na pikseli zenye mteremko wa chini ya digrii 5 tu.

Wa pili ni bati. Bati jipya linalong'aa linatoa mionzi ya joto kidogo kuliko zege au udongo, na setelaiti inasoma mionzi hiyo, kwahiyo linaonekana la baridi kuliko lilivyo. Nimeona mtu akihitimisha kwamba nyumba mpya za bati "zinapoza mji". Gusa bati saa sita mchana utajua. Kwenye mitaa ya bati jipya andika wazi kwamba joto la uso limepunjwa.

Wa tatu ni mashamba matupu. Septemba na Oktoba mashamba yameshavunwa, udongo mkavu uko wazi, asubuhi unapata moto haraka kuliko mji wenye vivuli vya majengo na miti. Ramani itaonyesha mji una baridi kuliko shamba na utadhani umekosea. Hujakosea, hali hiyo inaonekana sehemu nyingi kavu duniani. Tengeneza na ramani ya ukijani kwa bendi ya 4 na ya 5, uone jinsi joto la shamba linavyopanda ukijani ukipotea, halafu linganisha na picha za Mei mashamba yakiwa bado na majani.

Kwa usiku Landsat haikusaidii. MODIS, kipimo kingine cha setelaiti, inapita usiku, ila pikseli yake ni kilomita moja, inatosha kuona mji mzima siyo mtaa.

## Hatua ya 8: Toa athari ya mwinuko ndo upate jibu

Chukua usiku tulivu tu. Kwa kila usiku chukua wastani wa saa 3 hadi saa 5 usiku, baada ya kurekebisha kila loga kwa namba yake ya hatua ya 4.

Nitumie namba za mfano uone inavyokwenda. Vituo vitatu vya shamba: mita 1,400 inasoma nyuzi 19.0, mita 1,600 inasoma 17.8, mita 1,800 inasoma 16.6. Yaani kila mita 100 joto linashuka 0.6. Kituo cha mjini kiko mita 1,700, kwahiyo kama pangekuwa shamba tungetegemea 17.2. Loga yake inasoma 18.5. Kisiwa cha joto ni 1.3.

Angalia sasa kingetokea nini bila hiyo hesabu. Ungelinganisha na kituo cha chini ungepata -0.5, ukaandika hakuna kisiwa. Ungelinganisha na cha juu ungepata 1.9, ukaandika kisiwa ni kikubwa karibu mara moja na nusu ya ukweli. Data ni zile zile, usiku ule ule. Hizi ndo zile rasimu mbili nilizoanza nazo.

Kwenye Excel weka mwinuko safu moja, joto safu nyingine, tumia SLOPE (joto linabadilika kiasi gani kwa kila mita) na INTERCEPT (mstari unaanzia wapi) kwa vituo vya shamba pekee. Usiingize vituo vya mjini kwenye mstari huo, ukiviingiza unaficha kitu unachokitafuta.

Onyo kubwa: kuna usiku ambao mstari utagoma, kituo cha chini kitakuwa na baridi kuliko cha juu. Hapo hewa baridi imetuama chini na sheria ya kupungua kwa mwinuko haifanyi kazi usiku huo. Usilazimishe 6.5 ya kitabuni. Usiku huo tumia ile jozi yako ya mwinuko sawa peke yake, na uhesabu zimetokea ngapi, hiyo yenyewe ni matokeo ya maana kwa nyanda za juu na ningependa sana kuona watu wakiyaandika.

Umefanikiwa kama jozi ya mwinuko sawa na hesabu ya mstari zinakupa majibu yanayokaribiana, tuseme ndani ya nusu nyuzi. Zikipishana sana rudi uangalie kituo kilichoko karibu na bonde.

## Hatua ya 9: Andika matokeo yanayosimama

Toa wastani, na utoe pia kiwango cha chini na cha juu. Kama kisiwa ulichopata ni nyuzi 0.3 na loga zako zina usahihi wa 0.5, andika kwamba hukuona tofauti inayoaminika. Hayo ni matokeo halali kabisa, msimamizi akikulazimisha upate kitu kikubwa mwonyeshe jedwali la hatua ya 4.

Usiandike "kwa sababu ya miti" kama hukupima miti. Andika eneo lina aina gani ya majengo, ukijani kiasi gani, na acha msomaji aone vinaenda pamoja au la.

Tenganisha Juni na Oktoba. Juni joto la ziada usiku Mbeya mjini wengi wanalifurahia, wanavaa sweta moja badala ya mbili, na ukiliandika kama janga hakuna mkazi atakayekuelewa. Oktoba mtoto mchanga kwenye chumba cha bati ni habari nyingine, hapo pendekezo la dari, rangi nyeupe ya paa na kivuli cha mti lina uzito, na likiambatana na namba za mtaa husika ofisi ya mipango miji ina kitu cha kushika.

Mwishoni weka kiambatisho chenye vitu hivi: mwinuko wa kila kituo na umeutoa wapi, urefu wa loga kutoka chini, picha za pande nne, namba ya kurekebisha ya kila loga kabla na baada, tarehe za usiku uliotumia na uliotupa na sababu yake, na faili ghafi la data bila kuguswa. Faili hilo lihifadhi sehemu mbili, chuoni na kwako, kwa muundo wa CSV siyo wa programu ya loga, maana programu hizo zinabadilika na atakayekuja kurudia vipimo vyako baada ya miaka kumi atahitaji kulifungua.